Neno Moja na Wavu wa Mzee

Kisiwa cha Remba, katika ziwa la Viktoria upande wa Homa Bay, ni kidogo sana, lakini lugha zake ni nyingi. Wavuvi wa Kenya, Uganda na Tanzania hukaa humo nyumba kwa nyumba, wakisemezana kwa Kijaluo, Kiganda na Kiswahili. Kiingereza huwafikia zaidi kwa njia ya karatasi, na karatasi haiulizwi swali.

Tuseme mzee mvuvi ameletewa barua yenye neno "fine". Mjukuu wake aliyesoma kidogo ataitazama na kusema, "Usihofu, Babu. Neno hili maana yake ni nzuri. Mwalimu akitujulia hali, ndilo tumjibulo." Mzee ataikunja barua kwa furaha. Kumbe ameandikiwa kwamba wavu wake wa dagaa ni "fine", yaani macho yake ni madogo mno, kwa kuwa sheria ya Kenya hukataza macho yaliyo chini ya milimita 10. Na kwa hiyo atatozwa "fine", yaani faini. Hakusifiwa, bali ameshtakiwa. Na siku za kulipa zinapita naye hana habari.

Mjukuu hakusema uongo. Alijua maana moja akadhani ndiyo yote. Neno hilo hilo husemwa juu ya siku isiyo na mvua, mchanga laini, uzi mwembamba na mtu mwenye afya. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya mwisho: kitu kilichofikia mwisho wa ubora kiliitwa hivyo, na fedha iliyolipwa ili kumaliza shauri ikaitwa vivyo hivyo. Wala neno hili si kubwa kuliko yote. Katika kamusi ya Oxford iliyotolewa mwaka 1989, neno "set" lilipewa maana zipatazo 430.

Hata hivyo Waingereza wasichekwe. Mswahili naye ana kaa la moto, kaa wa pwani, na kaa kitako. Lakini Kiswahili humwonea huruma msikiaji: asikiapo "kaa hili" hujua ni la moto, na asikiapo "kaa huyu" hujua ni mnyama. Neno la Kiingereza aghlabu halibadili vazi. Hutambulikana kwa wale liandamanao nao. Likikaa karibu na wavu, ni udogo wa macho. Likifuatwa na shilingi, ni adhabu.

Kwa hiyo amsomeaye mzee barua asikamate neno moja alijualo na kuyaacha majirani yake. Kuuliza si ujinga. Laiti kijana yule angalisema, "Ngoja, Babu, nisome mpaka mwisho," mzee angalijua mapema, akaenda kujibu shauri lake kwa wakati.