Taa ya njano, selotepu na boksi la Mirongo

Haya wadau, leo siasa tunaziweka pembeni. Leo nasimulia habari ya taa. Taa moja ndogo ya njano kwenye dashibodi, imechorwa kama tairi lililokatwa juu, katikati kuna alama ya mshangao.

Kwanza nieleze gari limetoka wapi, msije mkadhani mwandishi anayelipwa kwa habari moja moja kaukata. Gari ni la mjomba. Ni la mwaka 2015, lilikuja limetumika kutoka Uingereza. Siku aliponipa funguo alisema neno moja tu: "Mama yako asigombanie tena basi kwenda kliniki." Mama anaishi Sengerema, miguu inamsumbua, na kila mwezi lazima afike Bugando. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lizinduliwe Juni 2025, safari imekuwa rahisi. Zile kilomita 3 za maji tulizokuwa tunasubiria kivuko, sasa unazimaliza kabla mama hajafika katikati ya hadithi ya msiba mmoja.

Basi bwana, baada ya mvua kubwa taa ikaanza vituko. Nikiwasha gari inapepesa kama dakika nzima, kisha inatulia ikiwaka. Nikaongeza upepo, wapi! Nikaenda kwa fundi wangu Mirongo, jirani na ule mto unaobeba taka za mjini kwenda ziwani. Akapapasa nyuma, akatoa kiboksi cha plastiki. Pini zake zilikuwa zimeota kutu ya kijani.

"Maji yameingia, dada. Hii ndiyo kontroli boksi ya upepo. Imekufa."

Hapo ndipo nilipojifunza lugha ya ile taa. Ikiwaka moja kwa moja, kuna tairi limepungua upepo. Ikipepesa kwanza ndipo itulie, mtambo wenyewe unaumwa. Ndani ya kila ringi kuna sensa yenye betri yake, inapima upepo na kutuma taarifa kwa mawimbi ya redio. Boksi linapokea, likiona hatari linawasha taa. Boksi likifa, sensa zinaongea peke yao.

Fundi akanipa njia mbili: nitafute boksi jingine, au abandike selotepu nyeusi juu ya taa. "Magari mengi hapa mjini hayana hata hiyo taa, na yanatembea." Hakusema uongo. Mengi tunayaagiza Japani, na kule sheria haijawahi kulazimisha mtambo huo. Marekani ndiko ulikolazimishwa, baada ya kashfa ya mwaka 2000 ya matairi ya Firestone yaliyokuwa yakiachana vipande, hasa kwenye Ford Explorer, na watu zaidi ya 200 wakafa. Mwaka huohuo Bunge lao likapitisha sheria, na kufikia Septemba 2007 kila gari dogo jipya lilitakiwa kuwa na taa hii. Umoja wa Ulaya ulifuata, na kuanzia Novemba 2014 ikawa lazima kwa kila gari jipya la abiria. Ndiyo maana la mjomba likaja nayo.

Nikajikakamua nikanunua boksi la mtumba, shilingi 150,000. Umbo lilelile, soketi ileile. Tukafunga, nikawasha... taa ikapepesa kama kawaida. Nilikuwa na habari mbili za kumaliza na mfuko mtupu. Nikamwambia fundi, bandika selotepu.

Wiki mbili nikaishi kwa raha. Jamani, selotepu ni dawa nzuri sana ya wasiwasi.

Siku ya kliniki nikamfuata mama alfajiri. "Mwangaluka," akanisalimia kwa furaha, akakaa kiti cha mbele na kikapu chake. Tukavuka daraja, tukashika njia ya Usagara na Buhongwa, mguu wangu mzito kwa sababu tulikuwa tumechelewa. Tulipofika mjini nikapita Mirongo kujaza upepo. Kijana wa pancha akainama tairi la nyuma kushoto, akaweka geji, akaniangalia.

"Dada, umetoka wapi na tairi hili?"

Geji ilisoma 17. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinasema 33. Msumari ulikuwa umejikita humo, unavuja taratibu. Akaniambia niguse ubavu wa tairi. Lilikuwa la moto kweli. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja kila linapozunguka, kujikunja kunaleta joto, na joto ndilo linalopasua. Na mimi nilikuwa nimekimbia nalo njia nzima, mama yangu kando yangu ananisimulia habari za mihogo.

Kesho yake niliibandua ile selotepu. Safari hii nilimtafuta fundi kijana mwenye mashine ya kupimia. Hakufungua kitu, alisoma tu kibandiko cha boksi akacheka. Boksi nililonunua lilitoka kwenye gari la aina ileile, ila lililouzwa Japani. Linasikiliza masafa ya 315 MHz. Sensa za gari letu la Uingereza zinatangaza kwenye 433. Mwanahabari mzima, nilikuwa nimefungua redio kwenye stesheni isiyo yangu!

Tukapata boksi sahihi. Na hata hilo halikutosha kufunga tu: kila sensa ina namba yake, ili boksi lisije likasikiliza matairi ya jirani. Kijana akazunguka gurudumu moja baada ya jingine akiziandikisha. Nikaendesha kidogo, taa ikazimika. Bado sijamaliza, maana betri za sensa hudumu kama miaka 5 hadi 10, na hizi zimeshazeeka. Na geji nimenunua, kwa sababu taa husubiri upepo upungue sana ndipo iseme. Kwa kanuni za Marekani ni asilimia 25.

Mwezi uliofuata nilimfuata tena mama. Akaitazama dashibodi, akauliza, "Ile taa yako imepona?"

Nikashtuka. Sikuwahi kumwambia kitu. "Imepona, mama. Kumbe uliiona?"

"Niliona umeiziba. Nikasema mwanangu amesoma, anajua anachofanya."

Sikuwa na la kujibu. Nilishuka, nikapima matairi yote manne huku ananisubiri, ndipo tukaondoka.