Foleni ya Ijumaa, Barmen

Mwenye duka amefariki mwezi Januari. Kijana wa kujitolea kutoka Karagwe, ambaye mwaka huu anasaidia katika chekechea ya usharika, aliniuliza kama marehemu alikuwa mkristo wetu. Nikamwambia hapana, alikuwa Mtamil wa Sri Lanka, na dini yake ilikuwa ya Kihindu tangu kuzaliwa. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa heshima: “Sasa Mchungaji, msibani unakwenda kama nani?” Swali lake halikuwa baya. Jibu lake ni refu, na basi lilikuwa limeshafika.

Ili nimjibu, nimetoa pasipoti yangu ya zamani kwenye sanduku. Muhuri wa kutoka Dar es Salaam ni wa Septemba 1991, na daftari langu la mahubiri linaonyesha kwamba nilipanda mimbarani Barmen kwa mara ya kwanza mwezi Oktoba. Mke wangu anashikilia kwamba siku tuliyofika theluji ilikuwa imefunika ngazi zote. Kwa tarehe hizo haiwezekani, lakini yeye ndiye aliyebeba mtoto mgongoni kwenye ngazi zile, na sikusudii kumpokonya theluji yake.

Barmen ni upande wa mashariki wa jiji la Wuppertal, bonde jembamba lenye nyumba zilizopandana juu ya miteremko pande zote mbili. Mto Wupper unapita katikati, na juu ya mto hupita treni inayoning'inia kwenye reli ya chuma, Schwebebahn, iliyofunguliwa kwa abiria mwaka 1901. Mvua haichoki. Kutoka mlima mmoja hapa wamisionari wa Rheinland walikuwa wakitumwa tangu karne ya kumi na tisa. Sisi Walutheri wa Bukoba jina tulilokua nalo ni Bethel, maana wa Bethel ndio waliofika kwetu mwaka 1910, na huko ndiko askofu wetu Kibira alikosoma. Mashirika hayo mawili yaliungana mwaka 1971 yakawa VEM, ndiyo maana mtu wa Kagera akajikuta Barmen.

Nilipokelewa vizuri, tena kwa upendo. Lakini miezi ile ya kwanza nilijifunza upweke ambao sikuwa nimeufahamu. Kwetu mgeni akiingia, kabla hajasema kilichomleta, hutolewa akamwani: punje za kahawa zilizochemshwa pamoja na majani yenye harufu kisha zikakaushwa, zimetiwa katika kikapu kidogo. Huchukua mbili tatu, hutafuna, ndipo mazungumzo yanapoanza. Barmen nako wanaithamini kahawa. Wana meza yao maarufu ya alasiri: mikate ya waffle iliyotoka motoni na cheri juu yake, wali wa maziwa wenye sukari na mdalasini, mkate wa zabibu, mkate mweusi na jibini, na katikati ya meza birika la bati lenye miguu mitatu na bomba dogo, jina lake Dröppelmina. Machicha huziba lile bomba, kahawa ikawa inadondoka tone moja moja. Akina mama wa usharika walinikalisha kwenye meza hiyo, wakanipakulia hadi nikashindwa, wakaniuliza habari za nyumbani. Ilipogonga saa kumi na moja, wote waliinuka pamoja. Mwaliko uliofuata ulikuwa wa Februari.

Na kahawa yenyewe ilikuwa na harufu ya nyumbani. Gepa, kampuni ya biashara ya haki iliyoanzishwa mjini humu mwaka 1975, ilikuwa ikinunua pia kwa wakulima wa chama chetu cha ushirika cha Kagera, na baada ya ibada kulikuwa na meza ya kuuzia pakiti zake. Nilikuwa nikisimama pale nimeshika pakiti puani muda mrefu kuliko ilivyompasa mchungaji wa zamu. Kahawa ya baba yangu ilikuwa imefika Barmen na kuzoeleka kabla yangu.

Jumapili mchana maduka yote yamefungwa, barabara tupu, mapazia meupe madirishani. Ungeweza kutembea kutoka kanisani hadi stesheni usisikie sauti ya mtoto. Nilikuwa nimetumwa kwa watu, na watu walikuwa ndani.

Duka niliishia kulikuta kwa pua. Lilikuwa kwenye mtaa wa nyuma, karibu na mto, mahali ambapo mlio wa Schwebebahn ikipinda kona ulisikika kila dakika chache. Ukifungua mlango kengele inalia, halafu harufu inakuja kwa mafungu: kwanza samaki wa kukausha, kisha ubani uliokuwa ukiwaka mbele ya picha ya mungu wake mwenye kichwa cha tembo, kisha embe zilizoiva kupita kiasi, bizari, majani ya mchuzi, na mwisho makoti ya watu yaliyoloa mvua. Kulikuwa na unga wa muhogo, mchele wa magunia, mawese katika chupa, mafuta ya nazi ya kupaka. Kwenye kona, katoni za ndizi mbichi. Nilipoziona nilijua ni ndizi zetu, za kumenya na kupika, wala si mzuzu wa Waghana. Niliziinua nikazitazama vitovu vyake kama mama yangu alivyokuwa akifanya.

Mwenye duka alikuwa mtu mfupi, mwenye masharubu, shati jeupe daima. Kijerumani chake na changu vilikuwa vya darasa moja, kwa hiyo tulielewana. Aliniambia ndizi zinatoka Uganda kwa ndege hadi Brussels, na kwamba kila Alhamisi usiku anaendesha gari lake mwenyewe kwenda kuzifuata, anarudi asubuhi. “Njoo Ijumaa,” akasema. “Leo umekuta makombo.”

Ijumaa nilikuta foleni hadi nje. Mama wa Bukavu na binti zake, vijana wawili wa Bujumbura, muuguzi Mkenya aliyekuwa bado na sare ya hospitali, Waganda, mwanafunzi mmoja wa Kigoma. Walikuwa wakizungumza Kiswahili. Hawakuwa na lugha nyingine ya kuwaunganisha wote, na kila mmoja alikuwa nacho kwa namna yake: cha Kongo chenye Kifaransa ndani, cha Nairobi, cha Kigoma. Nilisema tu “Hamjambo,” foleni nzima ikageuka. Mama wa Bukavu akauliza mimi ni nani, nikajibu ni mchungaji, akasema: “Pasta, basi utuombee hapa hapa, mtoto wangu ana kesi ya makaratasi Jumatatu.” Nikaomba pale barabarani, mvua inanyesha. Mwenye duka alizima redio.

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanzia, na nataka vijana walijue hili. Haikuanzia ofisini wala kwenye mpango wowote ulioandikwa. Wahaya wa kwanza kuisoma Injili walikuwa wakikutana majumbani mwao kabla mmisionari wa Bethel hajaweka mguu Bukoba, na Barmen mambo yalifuata njia ile ile: watu walikuwapo, shida zao zilikuwapo, imani yao walikuja nayo, palikosekana mahali pa kukaa. Wazee wa kanisa wa Kijerumani walitupa ukumbi wa chini, mara moja kwa mwezi, baadaye mara mbili. Kwaya ikatokea. Walioitangaza ibada yetu walikuwa wanafoleni wenyewe, na mwenye duka, ambaye kila mteja mpya mwenye asili ya kwetu alimwonyesha karatasi niliyobandika mlangoni pake.

Alikuwa na daftari la mkopo, jekundu, lililofungwa kwa raba. Mtu asiye na kibali cha kufanya kazi aliandikwa humo akachukua unga. Namjua mtu aliyelipa baada ya miaka mingi, amekuja na gari kutoka Uholanzi. Mwenye duka alipekua kurasa, akapata mstari, akaufuta, akampa mkungu wa ndizi.

Mwaka mmoja, Sikukuu ya Mavuno, Jumapili ya kwanza ya Oktoba, madhabahu ilikuwa imepambwa kwa maboga, ngano, matufaha na mikate kama ilivyo desturi yao. Jumamosi jioni akaja mlangoni kwangu na mkungu mzima begani. Akasema amesikia kesho tunamshukuru Mungu kwa chakula. Tuliuweka katikati ya maboga. Baada ya ibada nikafanya kile tunachofanya nyumbani: nikaupiga mnada. Wajerumani walitazamana. Mama mmoja mjane, aliyekuwa hajanisemesha tangu nifike, akapandisha mkono na kutaja marki hamsini. Mama wa Bukavu akataja sitini. Kanisa likachangamka nisivyowahi kuliona. Mjane alishinda, kisha akauliza kwa sauti ndogo zinapikwaje, na mama wa Bukavu akaenda naye nyumbani siku ile ile kumwonyesha. Wakawa marafiki hadi mjane alipokufa.

Barua zilikuwa zinachukua wiki tatu, wakati mwingine zaidi. Aerogramu za buluu, maandishi yamebanwa hadi pembeni ili kutumia kila nafasi. Baba yangu alipofariki, barua ya kaka ilinikuta alikwisha zikwa na matanga yamekwisha. Niliisoma kwenye ngazi. Usharika ulinitumia kadi zenye ukingo mweusi, nyingi, zenye maneno mazuri, na ninazitunza. Lakini hakuna aliyekuja, maana kwao kumwacha mfiwa peke yake ni heshima. Mke wangu alimweleza mwenye duka alipokwenda kununua mchele.

Ilikuwa Ijumaa. Alifunga duka. Foleni yote ikapandisha ngazi nyuma yake, na yeye mbele na sufuria la dengu. Akavua viatu, akaketi sakafuni ukutani, hakusema kitu. Watu waliimba tenzi hadi usiku wa manane, yeye ameketi pale pale. Asubuhi nilimkuta bado amekaa. Ndipo akaniambia kwamba ndugu yake alipotea Jaffna baada ya vurugu za 1983, hakuna kaburi, na kwamba wakati ule yeye alikuwa akiosha vyombo katika mkahawa, hakuna aliyejua, hakuna aliyekuja kuketi naye. Nikasema basi leo tuketi kwa ajili yao wote wawili. Tuliketi hadi mchana.

Tangu siku ile sikuwahi tena kujiuliza nilitumwa Barmen kufanya nini. Lilipofunguliwa hekalu lao kubwa kule Hamm mwaka 2002 alinialika, nami nikaenda. Sikuficha imani yangu kwake, wala yeye hakuficha yake. Mke wake alipolazwa alitaka niende nikae tu kando ya kitanda chake, nikae, kama alivyokaa. Nilikwenda kila wiki.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. VEM ikawa ushirika wa makanisa ya mabara matatu mwaka 1996, na sisi wa kusini tukapata sauti sawa mezani, jambo jema ninaloliheshimu. Ikaja yuro. Zikaja kadi za simu, ambazo alizitundika kwenye kamba juu ya kaunta, kisha vibanda vya simu, kisha simu za mkononi ambazo hazikuhitaji kadi wala kibanda. Maduka makubwa yakaanza kuuza muhogo na mzuzu. Wajane wa meza ya kahawa wakapungua, sharika zikaunganishwa, na jengo tulilofanyia mnada likauzwa. Leo ni nyumba za kupanga, na pale palipokuwa na madhabahu kuna jiko la mtu. Foleni ikawa ya watu wanne, kisha wawili. Akafunga. Nyumba ikabomolewa.

Nasikia vijana wanasema mambo yamekuwa rahisi. Nami nauona urahisi huo. Siku hizi wanakuja wageni wa wiki tatu, wana ratiba ya kila saa, wanapiga picha mbele ya Schwebebahn, wanaandika ripoti. Kijana wetu wa chekechea anaongea na mama yake Karagwe kila jioni kwa picha, msiba ukitokea anaufuatilia moja kwa moja kaburini, na ninafurahi kwa ajili yake, maana mimi ningelitoa chochote kwa hilo. Lakini ameshakaa miezi kadhaa hapa bila kumhitaji jirani hata mmoja. Hakuna aliyemuazima chumvi. Hakuna anayejua anapolala. Inaniudhi, na siye ninayemlaumu. Nawalaumu wanaompangia, wanaomweka mlimani kwenye nyumba ya wageni yenye kila kitu, kisha wanashangaa kwamba hawajui watu wa bondeni.

Nilikwenda naye msibani. Alikaa kando yangu, amevua viatu, na nusu ya waliokuwa chumbani mle walimwamkia kwa Kiswahili.

Juma lililofuata nikaandika kwa wahusika. Mchungaji kijana wa kutoka nyumbani anatarajiwa mwakani. Nimeomba wasimpe nyumba ya mlimani. Wampangishie vyumba viwili mtaa wa Wichlinghausen, kwenye ngazi yenye Wasyria, Waeritrea na Wajerumani wazee, na mwaka wa kwanza wasimdai ripoti yoyote. Wamenijibu kwamba vyumba vya huko ni vidogo na havina maegesho. Nimewaandikia tena, na kijana wa Karagwe ametia sahihi yake chini ya yangu.