Wanja na Damu ya Mama Mjamzito

Alhamdulillahi, binti yangu amekwisha jifungua salama, na sasa naweza kuandika habari hii bila ya kumtia huzuni. Sehemu ya kosa ni yangu.

Alikuja kwetu Mombasa kwa mimba yake ya kwanza, kama ilivyo desturi, akiwa wa miezi mitano. Mamake akaona kope na viganja vyake vimepauka, na akipanda ngazi ahema. Tukasema ni uchovu wa mimba. Kwani si Mwenyezi Mungu ametaja katika Sura ya Luqman udhaifu wa mama juu ya udhaifu? Mimi niliyesomesha aya hiyo miaka mingi nikaifanya udhuru wa kukaa kitako.

Kliniki walimpima damu, ikawa 8, na mjamzito hutakiwa asipungue 11. Muuguzi akamwuliza kama ala udongo. Binti akainamisha kichwa; kumbe kila alasiri alikuwa akitafuna vipande vya udongo vya sokoni. Kisha muuguzi akamtazama macho, akauliza habari ya wanja. Hapo mimi nikaingilia kwa hasira. Nikamwambia, "Mwanangu, wanja ni Sunna."

Akanijibu kwa adabu, "Ni kweli, maalim. Lakini huu umetoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nimeununua mwenyewe, kikopo kisicho na jina wala maandishi, nikampa binti yangu kwa furaha. Mtume (S.A.W.) aliusifu ithmid, lakini wanja wa manga wa madukani ukipimwa mara nyingi hukutwa ni unga wa jiwe la madini ya risasi, nalo hung'aa vile vile, hata mnunuzi hatambui. Vidole huupeleka kinywani, na machozi huuteremsha puani na kooni.

Udongo nao huzuia chuma cha chakula kisiingie mwilini, tena waweza kuwa na risasi ndani yake. La ajabu ni kuwa tamaa ya udongo yenyewe mara nyingi ni dalili ya kupungukiwa na chuma! Na mwili uliokosa chuma hunyonya risasi zaidi, kisha risasi hiyo huuzuia kutengeneza damu. Basi maradhi haya mawili hushikana mikono. Risasi hukaa mifupani miaka mingi, na mama atoapo chokaa ya mifupa yake kumjengea mtoto, hutoka pamoja nayo, ikavuka kondo, ikadhuru ubongo wa kiumbe asiyejua lolote. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa ni salama.

Damu ikapelekwa maabara. Baada ya wiki tatu tukaambiwa ina risasi mikrogramu 12 kwa desilita. Ikifika 5 yapasa kutafuta chanzo na kukikomesha. Nami nilidhani risasi ni habari ya jirani zetu wa Owino Uhuru, waliodhuriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, hata mahakama mwaka 2020 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kumbe yangu ilikuwa juu ya meza ya kioo, chumbani.

Udongo ukaachwa, wanja ukaachwa. Vidonge vya chuma na foliki akavimeza kila siku kwa maji ya machungwa. Chai ikaondolewa wakati wa chakula, kwani huzuia chuma; jambo hili lilinitesa mimi kuliko yeye. Kunde, mchicha na samaki havikukosekana. Alipokaribia kujifungua damu ilifika 10 na nusu.

Siku ya akika mamangu alikuja na kikopo chake, kimefungwa kitambaani, ampake mjukuu macho na nyusi. Nikamzuia mkono. Akasema, "Wewe nilikupaka mimi, na mimi nilipakwa na mamangu. Tumekufa?"

Nilimweleza kama nilivyoelezwa. Kikopo alinipa, nikakipeleka kliniki waulize kitapimwa wapi. Lakini tangu siku ile hajanisemesha, na salamu zangu huzijibu kwa kupitia mke wangu.