Winnipeg, mahali maji yanaganda ndani ya tiyo

Mwezi wa kwanza tulikuwa Winnipeg, inchi ya Canada, sisi wamama wawili wa chama, kwa binti yetu aliyejifungua. Wengi wenu muko na watoto ng'ambo, ndiyo sababu tunawaandikia.

Sisi wa Bukavu tunadhani tunajua baridi. Winnipeg usiku ule ilikuwa digrii 31 chini ya sufuri. Mto Red umekuwa barabara, watu wanatembea juu yake na watoto wao.

Asubuhi tukafungua robine ya jikoni tupate maji ya kuogesha mtoto. Kimya. Tukauliza bidoni ziko wapi, kwani tulifikiri maji yamekatika mtaa mzima. Binti akacheka, halafu akaacha kucheka. Robine ya bafuni ilikuwa inatoa. Ya jikoni iliganda ndani ya tiyo inayopita kwenye ukuta wa nje, nyuma ya kabati. Usiku alikuwa amepunguza joto la nyumba, juu ya kuogopa fakture.

Maji yakiganda yanavimba, karibu sehemu 9 kwa 100, na tiyo inaweza kupasuka. Ubaya ni kwamba hauoni kitu mpaka barafu iyeyuke. Ndipo nyumba inajaa maji. Kwa hiyo binti alitushusha kwanza chini ya nyumba, akatuonyesha vane kubwa inayofunga maji yote. Anayehamia kule aijue siku ya kwanza, hata kabla ya kujua soko.

Mmoja wetu akasema: tutafute mbabula, tuwashe makaa chini ya kabati. Hapana, wamama! Nyumba za kule zimefungwa kabisa, na hewa mbaya ya makaa, isiyoonekana wala kunuka, inaua watu wakiwa wamelala. Mtoto wa siku 12 alikuwa chumba cha pembeni. Hata mshumaa usiusogeze kwenye tiyo, ukuta ni wa mbao.

Binti aliacha robine wazi, akafungua milango ya kabati, akapanguza maji yote ya chini, akachukua mashine ya kukausha nywele. Alianza karibu na robine, akarudi polepole kuelekea ukutani. Alipochoka, sisi tukafunga tiyo kwa taulo za maji ya moto. Saa moja na nusu! Robine ikakohoa, ikatema, maji yakaja.

Jirani alituambia kwamba mwaka 2014 baridi ilishuka ardhini mpaka ikagandisha tiyo za mji wenyewe, na familia nyingi ziliombwa kuacha robine moja ikitiririka uzi mwembamba, mchana na usiku. Tangu siku ile binti hashushi joto chini ya digrii 13, hata akisafiri, na kabati la jikoni linalala wazi.

Robine nayo tuliiacha itoe uzi. Mmoja wetu aliamka mara mbili akaifunga, maana kwetu maji hayaachwi yakamwagika. Mara mbili binti akaamka kuifungua.