Gari ya Fahari na Gharama Zake

Haya niyaandikayo si khabari niliyosimuliwa. Ni mambo yaliyonifika mwenyewe, na nayaandika ijapokuwa yananitia haya kidogo, kwa kuwa najua wako wenye nyumba ambao leo wanakitamani kile nilichokitamani mimi.

Mwaka 2022 nilinunua hapa Mombasa gari kubwa ya fahari, mfano wa jipu, iliyoundwa mwaka 2012 na kuletwa kutoka Uingereza mwaka 2019. Sharia ya Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyotumika iliyopita miaka minane, basi hii iliuwahi mlango kabla haujafungwa. Jina la kampuni iliyoiunda sitalitaja, wala la aliyeniuzia. Viti vyake vilikuwa vya ngozi, paa lake la kioo, na ilipopita njiani watu waligeuza shingo. Bei yake ilikuwa shilingi 2,300,000. Gari mpya ya namna hiyo huuzwa kwa mara kadhaa ya fedha hizo, nami nikajiona mjanja kuliko wenzangu.

Fedha zile zilikuwa na kazi yake. Mimi na mama watoto tulikuwa tukiziweka kidogo kidogo kwa safari ya Hija. Nilimwambia, "Tutaitumia miaka miwili, kisha tutaiuza, na fedha zitarudi." Akanitazama, akasema, "Bwana, mimi mambo ya gari siyajui. Lakini Makka hapajahama." Nikalichukua neno lile kuwa ni rukhsa.

Gari nyingi hukaa juu ya springi za chuma. Hii yangu ilikaa juu ya mito minne ya mpira iliyojazwa hewa, mmoja kwa kila gurudumu, na kompresa ndogo ya umeme ndiyo iijazayo. Ufundi huu ulianza kuonekana katika majipu ya fahari miaka ya 1990, na ukiwa mzima raha yake haina mfano: shimo waliona kwa macho wala mwili haulisikii. Lakini mpira ni mpira. Ukipata umri hufanya nyufa pale unapojikunja, hewa ikavuja polepole, na kompresa ikawa haipumziki.

Mwezi wa pili baada ya kuinunua, nilirudi kutoka sala ya alfajiri nikaikuta imelala upande mmoja, kama ngamia aliyepiga goti. Nikaitia moto, ikainuka. Nikasema, si kitu. Baada ya wiki chache haikuinuka tena. Fundi wa kwanza alisema kompresa imeungua, na kweli ilikuwa imeungua. Nikalipa shilingi 75,000, ikatiwa nyingine. Miezi minne haikutimia, nayo ikafa. Hapo ndipo fundi wa pili, kijana mpole wa Changamwe, alipotwaa maji ya sabuni akayanyunyiza juu ya mito, na mapovu yakafura mbele ya macho yangu. "Mzee wangu," akaniambia, "ugonjwa haukuwa kompresa. Kompresa ilikufa kwa kujaza maji katika ndoo iliyotoboka." Mito miwili ya mbele pamoja na kompresa ya pili vikanitoa shilingi 190,000.

Msiba mkubwa ulikuja mwaka uliofuata. Injini ilipotiwa moto asubuhi ilitoa sauti kama ya kokoto ndani ya kopo, kisha baada ya muda ikanyamaza. Nilikuwa nikiisikia na kujipumbaza. Ile ilikuwa cheni ya injini, ambayo mafundi huiita cheni ya taimingi. Hiyo ndiyo ipatanishayo mzunguko wa injini na kufunguka kwa vali zake. Huongozwa na vipande vya plastiki, na vipande hivyo vikilika cheni hulegea. Ikiruka meno, vali hugongana na pistoni, na injini imekwisha. Cheni yenyewe si ghali sana. Ughali ni mahali ilipowekwa, maana katika baadhi ya injini hizi imewekwa nyuma, upande wa giaboksi, hata haifikiwi mpaka injini ishushwe chini. Fundi alifanya kazi siku tisa. Nililipa shilingi 340,000, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ujira na vitu vidogo vidogo, bolti na sili na mafuta, ambavyo vikishafunguliwa havirudishwi tena.

Mengine nitayapita upesi. Paa la kioo lina vijibomba vya kutolea maji pembeni, nasi nyumbani tuna mwarobaini. Majani yakaviziba, na masika ilipokuja maji yakashuka chini ya zulia, yakaingia katika visanduku vya umeme, milango ikawa inajifungua usiku. Bomba la plastiki la maji ya rejeta likapasuka njia ya Malindi. Mafuta ya giaboksi niliambiwa hayabadilishwi maisha. Lakini kiwanda cha ZF cha Ujerumani, ambacho giaboksi zake hutumiwa na kampuni nyingi, chenyewe hupendekeza yabadilishwe baina ya kilomita 80,000 na 120,000. Chujio la masizi la injini ya dizeli nalo lataka safari ndefu ili masizi yaungue, na mimi safari yangu ni nyumbani, dukani na sokoni. Tairi zake sina haja ya kuzieleza, aliyezinunua anazijua.

Siku moja niliketi na daftari nikahesabu. Matengenezo peke yake, bila ya dizeli wala bima, yalikuwa yamefika shilingi 888,000. Ndipo nilipofahamu jambo ambalo lau ningalilijua mapema nisingalifanya nililolifanya. Bei ya gari hushuka kila mwaka, lakini bei ya spea haishuki pamoja nayo. Aliyeinunua ikiwa mpya, na mimi niliyeinunua ikiwa na miaka kumi, tuliingia duka moja na tukatajiwa bei moja. Yeye alikuwa na uwezo wa gari ile. Mimi nilikuwa na uwezo wa kuinunua tu.

Mwaka 2024 nikaazimia kuiuza. Mito ya nyuma nayo ilikuwa imeanza kuvuja. Dalali akanipa shauri: "Ami, mteja akija saa kumi, wewe itie moto saa tisa u nusu. Ataikuta imesimama sawasawa."

Niliposikia maneno hayo mwili ulinisisimka. Nilikumbuka kwamba siku niliyoinunua niliweka mkono juu ya boneti nikaikuta ina moto, na mwenyewe akaniambia kuwa ametoka mjini sasa hivi. Sikumdhania lolote. Masheikh wetu walitufundisha tangu chuoni kwamba aibu ya bidhaa haifichwi, na kwamba mnunuzi aliyefichwa ana khiyari ya kurudisha. Mimi khiyari hiyo sikuitaka wakati wake. Kwanza kwa kutojua, kisha kwa kuona haya ya kukiri mbele ya watu kwamba nimepunjwa.

Gari nikaiacha baridi. Mteja wa kwanza aliikuta imelala kwa nyuma, akacheka, akaenda zake. Dalali naye akakasirika, hakurudi. Wa pili alikuwa kijana aliyeoa karibuni. Nilimpa daftari langu la matengenezo alisome lote, nikamwonyesha mito inayovuja, nikamshauri aje alfajiri na fundi wake, asikie injini ikitiwa moto mara ya kwanza, na anyanyue mazulia. Alikuja kweli, na kwa kila kasoro niliyomwonyesha akapunguza bei. Tulipatana shilingi 1,450,000. Nilimwuliza kama ameweka kando fedha za matengenezo. Akasema anazo kidogo. Nikamwambia kidogo haitoshi. Akasema, "Najua, mzee," na macho yake yalikuwa juu ya viti vya ngozi.

Jioni nilimweleza mama watoto yote. Akalitoa daftari la safari, akaandika hesabu mpya chini ya ile ya mwaka 2022, akaniuliza kama nimekwisha kula.