MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Likizo ya Agosti iliyopita, babu yangu alifunga safari kutoka Kakamega kuja kututembelea mtaani Kaloleni. Naam, msomaji mwenzangu, Kaloleni! Wengi wenu mnajua kwamba nikiulizwa kwetu ni wapi, mimi hujibu, "Hapo tu karibu na Buru Buru." Leo natubu.

Nilijifunga kibwebwe kumwonyesha mzee Nairobi ya watalii. Asubuhi tuliabiri matatu hadi katikati ya jiji, tukapanda juu kabisa ya jumba la KICC, lililofunguliwa 1973. Nikamwonyesha Bunge, Uhuru Park na, kwa mbali, mbuga ya wanyama iliyoanzishwa 1946. Babu akaguna.

"Ni kuzuri, mjukuu wangu. Sasa nipeleke Nairobi."

"Kwani hii ni gani, Babu?" nikauliza kwa butwaa.

Tulishukia Kariokor. "Jina hili umewahi kuliuliza?" La hasha! Akanieleza kuwa ndivyo wazee walivyotamka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Aste aste, yeye na mkongojo wake, tukapita Pumwani penye hospitali ya akina mama iliyoanza 1926, nilimozaliwa. Tukakata Shauri Moyo hadi soko la Burma, ninakotumwa nyama kila mwisho wa mwezi. Kumbe jina hilo limetoka Asia, walikopigana askari wetu wa KAR katika Vita vya Pili vya Dunia!

Hatimaye tukafika Ukumbi wa Kaloleni. Mimi naujua kwa harusi na mikutano ya matanga. Babu alivua kofia.

"Nilikuwa na miaka minane," akasema. Hapo ndipo tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama mbele ya umati akadai Kenya ipewe uhuru kamili. Mwezi uliofuata alikamatwa pamoja na Fred Kubai, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Makhan Singh hakuachiliwa hadi 1961.

"Baba alikuwa kibarua wa reli. Naye aligoma. Siku hizo tulikunywa uji mtupu, tukalala."

Nilitazama chini. Miaka yote hiyo nimekuwa nikiuficha mtaa ambao baba yake babu alilala njaa kwa ajili yake na yangu.

Basi wenzangu, ukiniuliza tena kwetu ni wapi, nitakujibu waziwazi: Kaloleni, zile nyumba za vigae, nyuma ya ukumbi. Njoo Jumamosi nikutembeze. Pesa za KICC weka, hapa hatulipishi kiingilio.