Rangi Isiyoficha Kitu

Kiswahili kina vitenzi kadhaa vya kazi ya rangi, na kila kimoja kina tabia yake. Kupaka kuna mkono unaogusa. Kupiga kuna nguvu na haraka. Kupuliza kuna pumzi. Fundi ninayemfahamu hapa Tunduma, ambaye riziki yake ni malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, hupiga rangi kutwa kucha. Lakini klia, ile rangi angavu ya kumalizia, yeye husema anaipuliza.

Nilimpelekea kilori cha mti, urefu wa shibiri mbili, alichokichonga marehemu mdogo wangu, dereva wa masafa ya Dar es Salaam na Lusaka. Ubavuni aliandika kwa mkono wake mwenyewe: SAFALI NJEMA. Herufi zilikwisha anza kubanduka, nami nilitaka zidumu.

Kabla ya kuwasha kompresa, fundi aliniuliza kwa upole: "Mwalimu, hiyo L niigeuze kuwa R? Klia haifichi kitu. Itaing'arisha tu."

Kwa zaidi ya miaka thelathini katika chuo cha ualimu nilisahihisha L na R katika madaftari ya walimu watarajiwa, na hata kesho ningefanya hivyo tena. Lakini lile halikuwa zoezi la darasani. Ndivyo mdogo wangu alivyotamka kila alipotuaga. Nikamjibu: "Iache, mwanangu."

Basi akaanza. Alimwagia sakafu maji, kwani vumbi la kiangazi chetu halingoji kualikwa. Alijaribu klia kwanza chini ya kilori, mahali pasipoonekana, maana thina kali huweza kuikunja rangi ya zamani. Kisha akapuliza ukungu mwembamba, akangoja ushike, akarudia. Mara ya tatu akailowesha zaidi ili ijilaze yenyewe. Kipulizio kikiwa mbali mno, matone hukauka hewani na uso hubaki na chembechembe. Kikiwa karibu mno, klia hutiririka ikaacha michirizi. Mkono huanza kutembea kabla ya kukifikia kilori, wala hausimami mpaka umekipita.

Nilipokuwa nikimtazama, niliwaza namna tunavyozitendea tungo za wazee. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, ilhali tenzi nyingi kongwe zilitungwa kwa Kiamu, ambamo njia ni "ndia" na macho ni "mato". Mwenye kunakili akiandika "macho" mahali pa "mato" hudhani amemsaidia msomaji. Kumbe ameua kina cha "to", na beti iliyosimama imara sasa inachechemea. Aliyekufa hawezi kujitetea. Ndiyo maana wahariri waadilifu huliacha neno mahali pake, wakaliwekea sherehe pembeni au mwishoni mwa kitabu. Sherehe njema ni klia: nyembamba, haina rangi yake, humlinda mtunzi na kumfanya aonekane zaidi. Ikizidi unene, nayo hutiririka, msomaji akaona michirizi ya mhariri badala ya shairi.

Basi ninyi mlio na madaftari ya babu na bibi zenu, yanakilini kama yalivyo. Elezeni, msifute. Sahihisheni madaftari ya wanafunzi wenu, ambao bado wanaweza kuwajibu.